Treni ya moshi ya Ffestiniog, Wales: maswali mnayoniuliza kila mara kuhusu safari ya siku moja

Hii treni nimeshaipanda mara nyingi, na familia, na wageni kutoka nyumbani, na peke yangu siku ya mvua kubwa, na kila nikirudi kuna mtu ananipigia kuuliza kitu kile kile alichouliza mwenzake wiki iliyopita. Kwahiyo nimekaa nimeyaandika yote sehemu moja. Nawaandikia hasa watu wetu mnaoishi Uingereza na wale mnaokuja kutembea, na kama haraka imekubana soma angalau swali la upande wa kukaa, maana hilo ndio watu wanalikosea na wanajuta.

## Mambo ya mwanzo

Ni treni gani hasa na iko wapi?

Iko Wales kaskazini. Inatoka Porthmadog, mji mdogo wa bandari, inapanda mpaka Blaenau Ffestiniog juu milimani kwenye machimbo ya mawe. Ni kilomita kama 22 tu, lakini ndani ya hizo 22 inapanda zaidi ya mita 200, inapita juu ya tuta la baharini, inaingia msituni, inazunguka ziwa, inajizungusha yenyewe, inapita handakini, alafu inatokea kwenye mlima wa mawe meusi yanayong'aa kwa mvua. Saa moja na robo hivi kwenda, na muda kama huo huo kurudi.

Reli yenyewe ni nyembamba sana. Zile reli zetu za zamani, ya Dar mpaka Kigoma na ya Mombasa mpaka Kampala, upana wake ni mita moja, na SGR ni milimita 1435. Hii ni milimita 597. Ukisimama katikati ukapanua miguu kidogo umeshagusa chuma zote mbili, ndio maana mtu akiiona mara ya kwanza anadhani ni treni ya watoto ya kwenye bustani. Sio. Ilibeba mzigo wa kweli kwa miaka zaidi ya mia.

Mzigo gani? Nani alijenga reli kule milimani?

Ni yale mawe yanayopasuka kuwa vibao vyembamba, ya kijivu yenye ubuluu, ambayo ukiangalia mapaa ya nyumba za zamani Uingereza utayaona kila mahali. Yalichimbwa Blaenau na meli zilikuwa Porthmadog, sasa ilibidi yashuke. Kampuni ya reli iliundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1832, na ndio kampuni ya reli kongwe kuliko zote duniani ambayo bado ipo. Reli ilifunguliwa 1836.

Na hapa ndio patamu. Mwanzoni hakukuwa na injini kabisa. Aliyeipima njia, James Spooner, aliilaza reli ikawa na mteremko mdogo mdogo usiokatika tangu machimboni mpaka karibu na baharini, kwahiyo mabehewa yaliyojaa mawe yalishuka yenyewe, watu wamekaa juu wanabana breki. Na farasi? Farasi walivuta mabehewa matupu kupanda, alafu wakati wa kushuka walipakiwa kwenye behewa lao wanakula majani njia nzima. Injini za moshi zilikuja 1863, abiria wakaruhusiwa rasmi 1865, lakini mawe yaliendelea kushuka kwa uzito wake mwenyewe mpaka 1939. Tangu 2021 eneo hili la machimbo pamoja na reli yake liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Ni kweli inaendeshwa na watu wasiolipwa?

Kuna wafanyakazi wa kuajiriwa, ila ndio, wanaojitolea ni wengi sana, na bila wao hii reli isingekuwepo. Ilifungwa 1946, ikaachwa na mabehewa yake na injini zake palepale, majani yakaota mpaka huoni chuma. Wapenda reli wakaichukua, wakarudisha treni ya kwanza ya abiria 1955, kakipande kafupi tu hapo Porthmadog, alafu wakawa wanasogea kidogo kidogo kila miaka.

Sasa wakati wao wanasafisha huku chini, huko juu serikali ikajenga umeme wa maji, bwawa likafunika kipande cha reli. Mtu mwingine angesema basi, yameisha. Wale watu wakaamua kujenga njia mpya ya kupita juu ya bwawa, wakaanza kuchimba 1965, wanakuja wikiendi na masepetu na matoroli kutoka miji ya mbali, wanalala kwenye vibanda, Jumatatu wanarudi kazini kwao. Kuna kesi ya fidia iliyochukua miaka mingi, kuna handaki jipya lililopasuliwa kwenye mwamba mgumu kwa msaada wa wachimbaji kutoka Cornwall, na mwaka 1982 treni ikafika tena Blaenau. Kuanzia 1955 mpaka 1982 ni miaka 27. Mimi nimekulia karibu na reli, mjomba wangu alikuwa mtu wa reli, nimeona stesheni zikifa moja moja mpaka mwembe wa jukwaani unabaki peke yake, kwahiyo hii habari huwa siipiti haraka, na naomba na wewe ukipanda wasimulie watoto wako mkifika kwenye ule mzunguko.

Majina yanatamkwaje? Naona konsonanti tupu.

Hapa Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza. Kiwelisi kina sauti zetu. Ile "dd" ni "dh" ya dhahabu, kwahiyo Dduallt inaanza kama dhambi. "Th" ni ya thelathini. "Ch" ni "kh" ya kheri kama wanavyoitamka watu wa pwani. "Ff" ni f ya kawaida, "f" moja ni v, na "w" mara nyingi ni irabu, u. Kwahiyo Tan-y-Bwlch ni kama Tan-a-bulkh, na Ffestiniog ni Festiniog tu, usiogope ile f mbili.

Na uitamke kwa kujiamini, maana huko Kiwelisi sio mapambo ya kwenye vibao, ni lugha watu wanayoongea dukani na stesheni. Ukisema "diolch" ukipewa tiketi, yani asante, utaona uso wa mtu unavyobadilika. Ni kama mgeni akikwambia shikamoo.

## Kufika na tiketi

Sina gari. Naendaje?

Kuna njia mbili za treni za kawaida. Ya kwanza ni kutoka Birmingham kupitia Shrewsbury mpaka Porthmadog, ile inayofuata pwani, ni nzuri sana lakini ndefu. Ya pili, ambayo mi naipenda kwa watu wa Manchester na Liverpool, unaenda Llandudno Junction, unabadilisha unaingia treni ndogo ya bonde la Conwy, saa moja hivi uko Blaenau Ffestiniog, na hapo treni ya kawaida na treni ya moshi ziko stesheni moja, unavuka jukwaa tu.

Angalizo kubwa: hizo treni za bonde la Conwy ni chache mno kwa siku, ukiikosa moja unakaa masaa. Mimi niliwahi kuikosa ya mwisho kwa dakika nne nikiwa na watoto wawili wamelala begani, tukatafuta teksi kwa bei ambayo ingetosha kutulipia safari nyingine nzima. Kwahiyo anza na ratiba ya treni ya kurudi nyumbani, ndio uchague ya moshi, sio kinyume chake.

Kutoka London kwenda na kurudi siku moja inawezekana?

Usijitese. Kwenda tu ni masaa matano na zaidi. Lala usiku mmoja Porthmadog au Llandudno. Kwa siku moja ni ya watu wa Manchester, Liverpool, Birmingham na jirani, tena wa Birmingham bora aje na gari.

Tiketi nakata wapi, na ni ghali?

Kata mapema kwenye tovuti yao, hasa likizo za shule na wikiendi za kiangazi, maana mabehewa ni madogo na viti vinajaa. Bei rahisi sio, nakwambia ukweli, na zinabadilika kwahiyo sitaandika namba hapa. Ila kumbuka unalipia makaa, maji, fundi wa kutengeneza kifaa ambacho hakuna duka linakiuza, na mahandaki ya kutunza. Ukikata tiketi taja idadi ya watu wote pamoja ili mkae pamoja, na kama kuna mtu wa kiti cha magurudumu sema hapo hapo (angalia swali la wazee).

Niende mwezi gani?

Msimu ni kama kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwanzo wa Novemba, na sio kila siku, kwahiyo angalia kalenda yao kabla ya kuomba ruhusa kazini. Mi nachagua Mei, kijani kichanga na maua ya msituni, au Oktoba majani yakiwa mekundu. Agosti ni watu tupu.

## Ndani ya treni

Nikae upande gani?

Ukiwa unapanda kutoka Porthmadog kwenda Blaenau, kaa upande wa KULIA ukiangalia mbele. Ukiwa unashuka, kushoto. Reli imekumbatia ubavu wa mlima, upande mmoja unaona bonde lote limefunguka chini yako, mto, mashamba yenye kuta za mawe, kondoo wamekuwa vidoadoa, upande mwingine unaangalia mwamba na majani ya ukoka.

Isipokuwa zile dakika za mwanzo. Treni ikitoka Porthmadog inapita juu ya tuta refu, karibu maili moja, lililomalizwa 1811 kuzuia bahari, na hapo milima mikubwa yote pamoja na Yr Wyddfa wenyewe, ule ambao Waingereza wanauita Snowdon, mita 1,085, iko kushoto. Kwahiyo simama kidogo uangalie kushoto, mkishavuka karakana ya Boston Lodge rudi kwenye kiti chako.

Mbona injini ina vichwa viwili?

Hilo ndio swali la kila mtoto na kila baba. Sio injini mbili zimeunganishwa, ni moja, inaitwa Fairlie. Bomba la moshi mbele, bomba la moshi nyuma, na chumba cha moto kiko katikati. Reli imejaa kona kali, injini ndefu ya kawaida ingekwama, kwahiyo ile ya Fairlie imekaa juu ya seti mbili za magurudumu, kila seti inageuka kivyake kwenye kona, na zote zinavuta. Mwaka 1870 ilifanyiwa majaribio hapa hapa na wahandisi wakaja kuishangaa kutoka nchi nyingi.

Iliyo kongwe kati ya zinazobaki hapo, Merddin Emrys, ni ya 1879, na ya karibuni, James Spooner, imeanza kazi 2023. Ndio, 2023, injini mpya ya moshi, na zote mbili zimetengenezwa Boston Lodge pale pale mwisho wa tuta.

Ukifika Porthmadog nusu saa kabla, nenda mbele kabisa uchungulie chumba cha dereva. Kwa sababu moto uko katikati, dereva anasimama upande mmoja na mchochea moto upande mwingine, wametenganishwa na chuma ya moto, hawana nafasi hata ya kupishana. Mara ya mwisho mchochea moto alikuwa msichana mdogo mdogo hivi, mikono myeusi mpaka kwenye kiwiko, ameweka mkebe wa mafuta juu ya chuma upate joto ili mafuta yawe mepesi, anafuta shaba kwa kitambaa bila hata kuangalia, kama mama anavyofuta meza huku anaongea. Nilimuuliza anafanya kazi gani siku nyingine, akasema ni mwalimu.

Ule mzunguko ni nini?

Ni pale Dduallt. Ili ipande juu ya lile bwawa, njia mpya ilibidi ipate kimo haraka, kwahiyo reli inazunguka duara zima na kupita juu yake yenyewe. Ukichungulia chini unaona reli uliyopita dakika chache nyuma. Ni ya pekee Uingereza kwa treni za abiria. Waliosafiri na treni ya zamani ya Mombasa wataikumbuka ile ya Mazeras, ni akili ile ile. Pale Dduallt hakuna barabara ya gari kabisa.

Kwanini tunasimama Tan-y-Bwlch muda wote huo?

Reli ni moja, treni zinapishana hapo. Dereva haruhusiwi kuingia kipande kinachofuata bila kushika mkononi fimbo ya chuma ya kipande hicho, na fimbo inayotolewa ni moja tu, kwahiyo treni mbili haziwezi kukutana uso kwa uso. Angalia wanavyopeana, ndio utaratibu ule ule uliotumika kwenye reli zetu.

Ushauri wangu, usikae ndani. Shuka kabisa Tan-y-Bwlch, tembea mpaka ziwa Llyn Mair, dakika chache tu kwa miguu, panda treni inayofuata kama tiketi yako inaruhusu (waulize kabla). Watu wengi wanapanda, wanashuka, wanasema wamemaliza, lakini mlio wa ile treni ikiwa inapanda msituni na wewe uko nje umesimama, ule mwangwi unaokuja kabla hujaiona, ndani ya behewa hausikiki.

Naweza kutoa kichwa dirishani nipige picha?

Hapana, hapana. Kuta za mawe na mahandaki yako karibu mno, sentimita chache tu. Piga kutoka ndani kwenye kona, injini inaonekana vizuri yenyewe. Na chembe za makaa zinaingia macho. Usivae kanzu nyeupe wala kitenge kipya kama utakaa karibu na injini.

Choo kipo?

Mabehewa mengi marefu yanacho. Yale madogo ya kizamani hayana. Nenda kabla ya kupanda.

## Chakula, swala, watoto na wazee

Tutakula nini? Halali ipo?

Stesheni ya Porthmadog kuna mgahawa, Tan-y-Bwlch pia, ila nyama halali usitegemee, kula samaki au mboga au bebeni chenu. Sisi tunabeba chapati zimekunjwa kwenye foili, maharage ya nazi kwenye chupa ya chakula, na chai ya tangawizi. Tunakula pale Tan-y-Bwlch kwenye meza za nje.

Swala je?

Kiangazi adhuhuri inaingia saa saba na kitu mchana na alasiri inachelewa mpaka jioni, kwahiyo unasali adhuhuri kabla ya kupanda au Tan-y-Bwlch na hubanwi. Beba mkeka mdogo na chupa ya maji ya udhu. Kibla ni kusini mashariki. Nimesali pembeni ya jukwaa mara kadhaa na hakuna aliyenisumbua, mzee mmoja wa stesheni alisogeza kitoroli chake akasubiri nimalize. Oktoba mchana ni mfupi, pangilia vizuri.

Bibi anaweza? Ana magoti.

Anaweza, ila ngazi ya behewa ni nyembamba na milango mingine midogo. Kuna mabehewa ya kuingiza kiti cha magurudumu lakini lazima useme wakati wa kukata tiketi. Mama yangu mzazi alipanda akiwa na fimbo, wakamletea ngazi ndogo, akakaa dirishani hakusema neno mpaka kwenye ziwa, ndio akasema "hii inalia kama ya Voi."

Watoto wachanga na mbwa?

Kigari cha mtoto kiwe cha kukunja. Mbwa wanaruhusiwa, Waingereza wanakuja nao, kama hutaki kukaa nao karibu sema mapema.

## Maswali ya pembeni

Niko na viza ya Uingereza, nahitaji nyingine ya Wales?

Hapana. Wales ni sehemu ya Uingereza, hakuna mpaka wa kukaguliwa. Ila Holyhead iko karibu na kuna feri za Dublin, na watu wanashawishika. Ireland ni nchi nyingine na viza nyingine, usije ukaingia kichwa kichwa.

Kuna treni nyingine pale pale Porthmadog inaenda Caernarfon. Nipande ipi?

Hiyo ni Welsh Highland, dada yake, reli upana ule ule, kilomita 40, imekamilika kufufuliwa 2011. Inaanza kwa kukatiza barabara ya mjini magari yamesimama, inapita korongo la Aberglaslyn, na inazunguka chini ya Yr Wyddfa. Mara ya kwanza panda Ffestiniog, historia yake inashika zaidi na inaacha nafasi kwenye siku. Zote mbili nzima kwa siku moja ni kuchoka bure, ila Ffestiniog asubuhi na Welsh Highland mpaka Beddgelert tu mchana inawezekana kama ratiba zinaoana.

Mvua ikinyesha?

Itanyesha. Ile milima ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa Uingereza. Koti, viatu vya kufunga, basi. Blaenau ndio hasa pa mvua, yale mawe yanakuwa meusi kama kaniki, na ukitaka kujikinga kuna ziara za chini ya ardhi kwenye machimbo ya Llechwedd.

Nimefika nikakuta injini ya dizeli. Nimetapeliwa?

Hapana. Kukiwa na ukame cheche zinaweza kuwasha mlima, au injini imeharibika asubuhi. Safari zingine pia zimepangwa dizeli tangu mwanzo, soma kwenye ratiba.

Naweza kujitolea na mimi?

Ndio, na wanafundisha: bustani, kupaka rangi, kukagua tiketi, karakana. Kama uko kwa viza, soma kwanza masharti yako kuhusu kujitolea.

Je, injini za namna hii ziliwahi kufika kwetu?

Zilifika, na kubwa kuliko zote za hapa. Zile zinazovuta Welsh Highland ni Garratt, boila katikati imening'inia kati ya seti mbili za magurudumu, wazo la kukata kona kama la Fairlie. Nyingi zake zilitoka Afrika Kusini, zilitengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock pale Gorton, Manchester. Kiwanda hicho hicho kilitengeneza Garratt 34 za daraja la 59 mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, kila moja zaidi ya tani 250, injini za moshi zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli ya mita moja, zikapewa majina ya milima yetu. Moja, namba 5918, Mount Gelai, mlima wa kule karibu na ziwa Natron, iko makumbusho ya reli Nairobi, karibu na stesheni kuu. Ukienda nyumbani simama ubavuni mwake, magurudumu yanakufika kifuani, na uguse chuma.